Zahanati Kwenye Pipa la Taka

Jumamosi saa nne asubuhi klabu ya kompyuta ya mtaa ilikuwa na wanachama saba na kompyuta nne, zote zilizotupwa na halmashauri kwa uzee. Walikutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, dirisha likitazama maegesho ya magari ya maofisa. Mwalimu wao alikuwa mpiga chapa mstaafu, nao walimwita Dada Taipu.

"Kufuta si kuteketeza," aliwaambia siku hiyo. "Faili linaingia kwenye pipa la taka na kukaa humo. Ukibofya 'rejesha', linarudi palepale lilipokuwa, na vilevile lilivyokuwa."

Mkunga mstaafu, aliyefunga miwani yake kwa uzi, alifungua pipa la taka la kompyuta yake. Humo mlikuwa na kitu kimoja tu, kimeandikwa Zahanati. Dada Taipu akamwonyesha pa kusoma tarehe. Zahanati ilifutwa Jumatatu. Mkutano wa wakazi kutoa maoni kama ivunjwe au isivunjwe ulifanyika Alhamisi ya wiki ileile. Mkunga aliikumbuka vizuri Alhamisi hiyo. Alisimama akasema mpaka sauti ikamkauka, na ofisa mipango akaandika kila neno.

"Kumbe walishaamua," alisema. "Walituita tuwachekeshe tu."

Akabofya rejesha.

Huko nje magari sita yalisogea pembeni na zahanati ikasimama mahali pake, na kuta zake za samawati na bati lenye kutu upande mmoja. Kibarazani alikuwa amekaa mgonjwa wake wa mwisho kabla haijafungwa, mke wa fundi seremala, mwenye mimba ya miezi tisa. Alifariki miaka miwili iliyopita, njiani kwenda hospitali ya wilaya, siku ya pili tangu zahanati ifungwe.

Seremala mwenyewe alikuwa kwenye kompyuta ya tatu, akiandika barua. Alihifadhi kazi yake kwanza, kama walivyofundishwa, ndipo akatoka.

"Umechelewa," mkewe alimwambia. "Uchungu umenishika tangu alfajiri."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa darasani."

Mkunga alinawa mikono. Kabati lilikuwa limejaa: glavu, sindano, dawa ya kuzuia damu. Alimlaza mgonjwa, akaona damu imeanza kuvuja kabla ya wakati. Hali hiyo alishaikuta mara nyingi, na dawa yake ilikuwa hatua tatu kutoka kitandani.

Kabla hajaifikia, ofisa mipango aliingia na walinzi wawili. Alikuwa amekosa pa kuegesha.

"Jengo hili halipo," alisema, huku ameshika kitasa cha mlango wa jengo lenyewe.

"Nipe nusu saa, baba. Huyu anavuja damu."

"Mama yangu, mimi nakuheshimu sana. Lakini kwenye mfumo hapa ni maegesho. Mtu akifia ndani ya jengo lisilokuwepo, nani atawajibika?"

"Na akifia barabarani?"

"Barabara ipo kwenye mfumo. Tena ni ya idara nyingine."

Walinzi walimbeba mgonjwa na godoro lake, taratibu, wasimuumize. Mlango ukafungwa kwa kufuli jipya, dawa zikabaki ndani. Mkunga alipiga mlango kwa viganja mpaka vikavimba.

"Nyie hamkuzaliwa?" aliwapigia kelele. "Mliokotwa?"

Walinzi walitazama viatu vyao. Ofisa alitazama saa.

Mwanamke akapakiwa kwenye gari la mizigo, mumewe amempakata kichwa. Alifariki kwenye daraja lilelile la mara ya kwanza, yeye na mtoto wake. Waliporudi makaburini walikuta kaburi lake limeshafunguka, kingo zake safi, hivyo hakuna aliyehangaika na jembe.

Jumamosi iliyofuata wanachama wote saba walihudhuria. Somo lilikuwa kuambatisha picha kwenye barua pepe. Waliambatisha picha ya ile tarehe ya Jumatatu, na nyingine ya kabati la dawa, iliyopigwa kupitia dirisha. Mkunga ndiye aliyebofya tuma, kwa kidole kilichofungwa bendeji. Majibu yalifika kabla Dada Taipu hajamaliza kueleza: halmashauri iliwashukuru kwa maoni yao.

Mchana mafundi rangi walikuja kuchora upya mistari ya maegesho. Waliizunguka zahanati kwa uangalifu, bila kuichafua. Upande wa mashariki, ambako ukuta wake unatoa kivuli kizuri, waliandika chini, kwenye nafasi ya gari moja, cheo cha ofisa mipango.