Mstari wa Chaki

Breki za baiskeli ya dada zilikuwa zinapiga kelele, nami nikazinyamazisha kwa mafuta ya cherehani. Kesho yake ikanyesha. Dada ni mkunga, hushuka mlima kila asubuhi kwenda zahanati. Alibana breki mpaka vidole vikafa ganzi, baiskeli haikusimama, akajitupa kwenye ua wa miti. Alirudi na kiwiko kimechubuka, akasema hapandi tena. Kwa miguu ni saa nzima, na uchungu wa uzazi haumngoji mtu.

Nikaipeleka kwa shangazi, fundi baiskeli, nikiwa na jibu mfukoni: tufunge breki za diski. Nilimweleza kwamba diski hukaa katikati ya gurudumu, mbali na matope, hivyo hushika hata kwenye mvua. Shangazi hakubisha. Alisema diski ni breki ya maana, ila fremu hii haina mahali pa kuifunga. Breki za kuvutwa kwa fito za chuma, kama za baiskeli yake nyeusi, ni ngumu kama kichwa cha mjomba, lakini zikilowa huteleza. Hizi za waya zinatosha, zikitunzwa. Akapitisha kidole kwenye ringi ya gurudumu, akakinusa.

"Mhitimu, nani kapaka mafuta hapa?"

Nikakiri ni mimi.

"Basi leo utasugua."

Nikasugua ringi kwa sabuni na maji moto. Raba za breki zilizokunywa mafuta akazitupa, akabadilisha pia waya uliofumuka. Raba mpya alinipa nifunge mwenyewe, akinionyesha kuchomeka kipande cha kadi kati ya ringi na ncha ya nyuma ya kila moja kabla ya kukaza, ili ncha ya mbele iguse ringi kwanza. Hiyo ndiyo dawa ya kelele. Miaka minne ya chuo sikuwahi kuisikia.

Kisha akachora mstari wa chaki chini ya mteremko, akamwagia ringi maji. Kwake, aliyekaza breki ndiye anayeshuka wa kwanza. Nilidhani sheria imeishia hapo, mpaka nikamwona anakwenda kusimama hatua mbili mbele ya mstari, katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Shangazi, sogea pembeni."

"Umekaza au hukukaza?"

Nilishuka. Nikabana. Gurudumu lilisimama juu ya chaki, kimya.

Dada, aliyekuwa ametufuata na kutazama kutoka mlangoni, alikuja akanipokonya usukani na kuikokota baiskeli kupanda mlima, naye ashuke. Shangazi hakuondoka pale aliposimama. Mimi nikaenda kusimama kando yake.