Glasi ya Adolphe

Kwanza kulifungwa kwa Placida. Ilikuwa baa ya chumba kimoja kule Tottenham, nyuma ya saluni, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa Uvira aliyejua kukaanga samaki na kumnyamazisha mlevi kwa jicho moja tu. Ikafuata klabu ya Wakongo ya Peckham, ikageuzwa kanisa. Mwaka 2005 ikafungwa hata ile baa ya Waingereza karibu na stesheni ya Croydon, ambayo hakuna aliyeipenda, ila angalau ilikuwa na viti. Hapo Fortunat akaogopa.

Watakaocheka na wacheke. Fortunat alikuwa mjane, msafisha ofisi, na mwanawe Exaucé, aliyezaliwa hapo hapo London, alisikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Wiki nzima hakuwa na mtu wa kupiga naye soga isipokuwa Adolphe, jioni za Jumamosi. Walikuwa wamekutana mwaka 1993 kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji, kila mmoja na bahasha yake kwapani, wote wawili watu wa Bukavu. Sasa Adolphe alikuwa ameanza kusema kwamba wamezeeka, kila mtu anywe kwake.

Uzee ulisingiziwa tu. Kwao Bukavu chupa hufunguliwa mbele ya macho yako, na glasi uliyoiacha ukaenda chooni huigusi tena, kwa hofu ya sumu. Wengi waliiacha hofu hiyo uwanja wa ndege. Adolphe alisafiri nayo. Baa mpya ilikuwa adhabu kwake. Na kwa miaka kumi na miwili, kila alipotaka kwenda chooni aliimaliza kwanza glasi yake, hata kama kibofu kinamlilia, ingawa aliyebaki mezani alikuwa Fortunat. Fortunat hakuwahi kusema neno, lakini jambo hilo lilimuuma.

Jumatatu moja, akitoka kazini, aliona kitambaa cha buluu kikining'inia kwenye mlango mmoja, nyuma ya reli ya tramu, na moshi wa mishikaki ukimwita. Ilikuwa baa ya Wajapani, ya mtindo wa kwao. Jumamosi akamburuta Adolphe.

Walikaa kwenye kaunta ya mbao. Mwenye baa, mama mfupi mwenye aproni, aliwapa taulo za moto za kufutia mikono, kisha chupa ya pombe ya viazi vitamu, akaifungua mbele yao. Adolphe akalegea kidogo. Viazi vitamu alivielewa. Walikula mishikaki ya kuku, wakamsema kila mtu waliyemjua, na saa mbili ilipofika chupa ilikuwa bado nusu.

"Tuimalize," Adolphe alisema, macho yamemlegea.

Mama akatikisa kichwa. Akawaonyesha rafu nyuma yake, imejaa chupa zilizofunguliwa, kila moja na kikaratasi cha jina shingoni. Mteja huacha chupa yake, alieleza, akirudi anaikuta. Kulikuwa na moja ya bwana aliyekwenda Osaka tangu mwaka juzi. Hakuna aliyeigusa.

"Apana!" Adolphe alisema. "Mimi siwezi kunywa pombe yenye ililala fasi siko."

"Ndugu, huyu mama hatujui hata majina. Atatulisha sumu ju ya nini?"

"Sumu haiulizake majina."

Ndipo la miaka kumi na miwili likamtoka Fortunat. "Na mimi? Mimi pia unanizania? Hujawahi kuniachia glasi, Adolphe. Hata siku moja!"

Adolphe alikunjakunja taulo yake. "Kaka yangu alimwachia rafiki yake," alisema. "Rafiki wa utoto."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Fortunat alikuwa ameshindana na nyoka asiyemjua. Aliona haya. Hata hivyo aliomba kalamu, akaandika majina yote mawili kwenye kikaratasi. Adolphe alivaa koti, akasema harudi.

Jumamosi iliyofuata Fortunat alifika saa kumi na moja. Mama aliteremsha chupa bila kuulizwa, akaweka glasi mbili. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Fortunat hakumimina. Alijua kwamba akinywa peke yake leo, atakunywa peke yake siku zote.

Saa kumi na mbili na robo kitambaa cha mlangoni kikainuliwa, akaingia Adolphe, amelowa mvua, akilaumu tramu. Fortunat akamimina, akainua glasi ya mwenzake aionje kwanza, kama mwenyeji wa Bukavu afanyavyo. Adolphe akaichukua mkononi mwake kabla haijafika mdomoni, akanywa nusu.

Kisha akaiweka kwenye kaunta, akainuka.

"Naenda chooni," alisema.

Glasi ikabaki pale, nusu. Fortunat akaifunika kwa kiganja, akakaa hivyo bila kugeuka huku wala huku, mpaka Adolphe aliporudi, akaichukua, akainywa yote, na kuuliza mbona mishikaki imechelewa.