Koti la Picha la Melchior

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, mwaka 1991, Kaliza alilala kifudifudi kwenye shamba la mtama huko Kagugu, kamera ya baba yake jichoni, akimsubiri swila atanue shingo. Alikuwa amevaa miwani ya mwendesha pikipiki, kwa sababu swila wa Kagugu walitema sumu kwenye chochote kilichong'aa, na walikuwa na shabaha nzuri. Swila akatanua shingo, akatema. Kaliza akabonyeza. Kisha akafuta miwani kwa jani la mgomba, kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Yeye na baba yake waliishi na nyoka kama watu wengine wanavyoishi na wapangaji. Kabla ya kuchukua kuni ulipiga makofi mawili, ukasubiri kidogo. Hakuna aliyewahi kuumwa, na panya walikuwa wamehamia kilima cha pili.

Baba yake, Melchior, alikuwa mpiga picha. Kule Kimisagara alikuwa na chumba chenye shuka jeupe, kigoda, na koti moja jeusi. Kila aliyetaka picha ya kitambulisho alivalishwa koti lile, mwembamba kwa mnene, hata askari waliokagua vitambulisho kwenye kizuizi cha bondeni wakadhani watu wa Kimisagara wana fundi mmoja. Jioni Melchior alirudi nalo nyumbani, akalitundika msumarini, na ndani ya mkono wa kushoto wa koti akalala Mugenzi, moma mnene wa rangi ya majani makavu. Asubuhi koti lilikung'utwa, kwa adabu, na Mugenzi akaenda kutafuta jua.

Kaliza alitaka kitu kimoja tu: shule ya sekondari, ya bweni. Tangu darasa la tatu hakuwahi kushuka hata hadi nafasi ya pili. Baba yake alikwisha kununua godoro, ndoo na sanduku la bati, na juu ya sanduku alikuwa ameandika KALIZA kwa rangi nyeupe, herufi kubwa za mtu asiye na wasiwasi.

Fomu za mtihani wa taifa zilihitaji picha mbili. Kaliza alivaa koti, akajipiga. Kisha, kwa kuwa filamu ilibaki, akaliweka koti juu ya kiti, akafunga vifungo, akamngoja Mugenzi achomoze kichwa kwenye kola. Picha ilitoka vizuri kuliko yake. Akajaza fomu ya pili kwa jina la Mugenzi, akazipeleka zote kwenye komini, ofisi ya serikali ya pale. Alitaka tu kuuona uso wa karani.

Karani, bwana Frederick, hakubadilisha uso. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Masikio haionekani," alisema.

"Hana, muzee."

Frederick aliliangalia koti. Lilikuwa koti la Melchior, lile lile la mafaili yote yaliyokuwa kabatini, kwa hiyo picha ilikuwa halali. Akashuka hadi mstari wa kabila, ambao Kaliza alikuwa ameuacha wazi.

"Hii iko nyoka," alisema. "Nyoka haina kabila." Akapiga kistari kidogo cha bluu.

Halafu akachukua fomu ya Kaliza, akafika kwenye mstari huo huo, palipoandikwa Mtutsi. Akabadilisha kalamu. Akapiga mistari miwili chini ya neno hilo, kwa wino mwekundu, akitumia rula.

Siku ya mtihani Mugenzi alijikunja juu ya dawati la nyuma, akakabidhi karatasi safi kabisa. Msimamizi alimsifu kwa kutotazama ya jirani.

Mwezi wa nane majina yalibandikwa ukutani kwenye komini. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwambia Kaliza kwamba hakuna aliyempita kwa alama. Alisoma orodha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Mugenzi alikuwa wa kumi na tisa. Kaliza hakuwemo.

Melchior alivaa lile koti, akaenda kuuliza. Frederick alimpa kiti na kumweleza kwa upole, hata akamchorea kwa penseli. Watutsi wana idadi yao ya nafasi, chache, nazo zimejaa. Nyoka hawana idadi waliyowekewa, na kitu kisicho na idadi hakiwezi kujaa.

"Lakini mtoto alikuwa wa kwanza," Melchior alisema.

"Najua, Melchior. Hakuna anayekataa."

Melchior alishukuru, kwa kuwa alikuwa amepewa kiti, akarudi nyumbani kufanya yale yanayofanywa mwenzako wa nyumbani akipasi. Alipaka rangi nyeusi juu ya sanduku, akaandika MUGENZI. Herufi za zamani ziliendelea kuonekana chini yake, jua likiwa upande.

Yasmina, fundi cherehani kutoka Nyamirambo, alikuja na futi yake kumpima mwanafunzi.

"Mwanangu, huyu mabega yako wapi?"

"Mshonee soksi ndefu, mama Yasmina," Kaliza alisema. "Weka kola. Bweni wanakagua kola."

Yasmina alipima mara mbili, akashika pini midomoni, akashona mpaka pindo la mwisho. Ndipo akauliza, bila kuinua macho, kama Kaliza naye apimwe. Kaliza alisema bado.

Mwaka ule gazeti moja la mjini lilianza kuwaita watu fulani nyoka. Melchior alilisoma mezani, kwa sauti. Mugenzi, aliyekuwa chini ya meza, alitoka taratibu, akaenda kulala nyuma ya mtungi. Kesho yake alipanda basi la shule, godoro juu, ndoo miguuni pa dereva. Kaliza alimpiga picha ya kuaga.

Krismasi Mugenzi alirudi amenenepa, na ripoti. Wa kumi na moja kati ya arobaini na wawili. Tabia: mtulivu, haongei darasani. Kifaransa: ajitahidi kutamka. Chini, kwa mkono wake, mkuu wa shule aliishukuru familia, kwani mahindi ya stoo hayapotei tena.

Madaftari yalikuwa matupu, bado yakinukia harufu ya dukani. Vitabu havikuwa vimefunguliwa. Likizo nzima Kaliza alikaa karibu na mafiga akivinakili, Mugenzi amelala juu ya miguu yake kutafuta joto. Januari ilipofika, alikuwa ukurasa wa sitini na nne wa jiografia. Akakitia kitabu sandukuni, akafunga kufuli.

Mwezi wa tano alijaza fomu tena. Alivaa koti. Ndani ya mkono wa kushoto mlikuwa na gamba kuukuu la Mugenzi, likamkwaruza mpaka kwenye kiwiko; hakulitoa. Akanyoosha shingo, akasukuma nywele nyuma, akajipiga.

Frederick aliinua picha dirishani, akaonekana kuridhika kweli.

"Hii iko nzuri," alisema. "Masikio yote mbili."

Kisha akafungua droo, akatafuta rula.