Mchana Vidole Asali Alipopotea

Chumba cha fundi cherehani kilikuwa na usingizi wake. Jua likishavuka paa la duka la jirani, mwanga uliingia kupitia magauni yaliyotundikwa mlangoni, ukaupaka ukuta bluu ya mtu, kijani cha mtu, na waridi ya mwanamke mmoja aliyeleta kitambaa akanenepa kabla ya kuja kupimwa. Vumbi la pamba lilielea hewani bila haraka ya kutua, ungedhani nalo limekuja kusikiliza muziki.

Maana watu walikuja pale kusikiliza muziki, nguo ilikuwa kisingizio. Fundi mwenyewe, mjane aliyeitwa Bi Sindano kwa sababu ya ulimi wake wala si kazi yake, alikuwa na redio ya kaseti yenye spika mbili kubwa, moja juu ya rafu ya vitambaa, nyingine kando ya mlango nyuma ya nguo za wateja. Baada ya chakula cha mchana benchi lilijaa. Alikuja kinyozi wa mlango wa pili, ambaye saa zile hakuwa na wateja, na saa nyingine pia. Alikuja dereva mstaafu wa malori, aliyelipakata tumbo lake kama mjukuu. Na alikuja seremala, mdogo wa marehemu mume wa Bi Sindano, mtu wa kulala ameketi na kukana akishikwa.

Ubishi wao ulikuwa mmoja, wa miaka nenda miaka rudi: nani aliyepata kulicharaza gitaa kuliko wote?

"Radi," kinyozi alisema siku hiyo, kama siku zote. "Hapo hakuna mjadala. Jamaa akianza kupanda kwenye shingo ya gitaa, vidole huvioni. Unaona moshi tu."

"Mwanangu," Bi Sindano alijibu bila kuinua uso kwenye pindo, "kama mbio ndio ufundi, wewe ungekuwa kinyozi bora wa mtaa. Unamaliza kichwa kabla mwenyewe hajakaa."

"Mimi na Mzee Tuli wangu," dereva alisema. "Yule anapiga noti moja, anaiacha itembee, anakwenda kunywa chai. Akirudi anaikuta bado inalia."

"Anakwenda kunywa chai kwa sababu hajui noti ya pili iko wapi."

"Dada, usinitukanie mzee!"

Seremala hakuwa na mpigaji wake. Alikuwa upande wa yeyote aliyempisha mahali pa kuegemea.

Bi Sindano alikuwa mtu wa Vidole Asali. Alishasema sababu mpaka mashine yenyewe ilizijua. Vidole Asali hakuiendea noti moja kwa moja. Aliifikia kwa pembeni, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba asikie kwanza wanamsema nini, ndipo abishe hodi. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi wa benchi, neno lake ndilo lililofunga ubishi hadi kesho.

Kabla yake mwamuzi alikuwa kocha mmoja wa zamani wa mpira. Masikio ya kocha yalipoanza kuzima, hakuna aliyemwondoa. Walianza tu kumkubalia. Akisema Radi ni moto, "Kweli, kocha." Kesho yake akisema Radi si lolote, "Kweli kabisa, kocha." Kisha mtu akamletea mto wa kukalia. Baada ya mto hakukaa sana. Alianza kubaki nyumbani, na wote wakawa wanasema jinsi wanavyomkumbuka. Bi Sindano aliuona mto ule ukiletwa, akamwona kocha anavyojishusha juu yake taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Matusi aliyaweza. Mto hakuuweza.

Basi kaseti ikawekwa, wimbo ule wa Vidole Asali ambao hata wapinzani wake walimkubalia. Sheria ya benchi ilikuwa hivi: mwimbaji akimaliza ubeti wa pili akavuta pumzi, watu wanafumba macho na hakuna kusema, hadi solo iishe. Bi Sindano aliondoa mguu kwenye kanyagio. Mwimbaji akavuta pumzi. Macho yakafumbwa.

Solo haikuja.

Ngoma zilikuja. Gitaa la pili lilikuwepo, lile la kushikilia mdundo, likigonga-gonga kama mtu anayesubiri mlangoni. Lakini mahali pa Vidole Asali palikuwa pameachwa wazi. Bi Sindano alifumbua jicho moja. Kinyozi alikuwa anachezesha vidole juu ya paja. Dereva alitikisa kichwa kwa utamu. Seremala alipiga kite, "Aaah!", hadi mdomo ukabaki wazi.

 Bi Sindano aliingiza kidole sikioni akakizungusha. Sikio gani hili linalochagua? Limeniachia ngoma, nisizozipenda, limeniachia yule mwimbaji wa puani, limechukua kile kimoja! Alitamani angekuwa kiziwi kabisa, asisikie kitu, kuliko kuibiwa kwa kuchaguliwa hivi.

Akafumba macho tena. Na pale gizani solo ikaja. Haikupitia sikioni, ilitoka huko ndani, ikapanda kama harufu ya nguo iliyopigwa pasi. Ilikuja na ukumbi wa dansi, na sakafu iliyomwagiwa maji ili vumbi lisiruke, na kola ya mumewe bado ina joto la pasi shavuni mwake. Gitaa lilishuka chini sana, likapumzika, likasahau lilikuwa linakwenda wapi, halafu likakumbuka. Yeye na mumewe walizunguka bila miguu. Alijua anajidanganya. Alizunguka hivyo hivyo.

Wimbo uliisha. Benchi likaamka.

"Ile noti ya juu leo ameiparuza kidogo," kinyozi alisema.

"Hakuiparuza, ameivuta. Sikiliza vizuri wewe."

"Mimi machozi yamenilenga," seremala alisema, akipangusa mate.

Wakamgeukia mwamuzi. 

"Vizuri," alisema.

Wakatazamana. Mwanamke huyu hakuwahi kutoa neno moja peke yake tangu azaliwe.

"Vizuri tu?" dereva aliuliza.

"Nimesema vizuri."

"Sawa, dada. Kweli kabisa," dereva alisema kwa upole, upole wa watu wa hospitali. Na kinyozi akainuka, akachukua kitambaa kilicholala mezani, akakikunja. "Mama, umechoka. Nikuwekee hiki mgongoni uegemee?"

Bi Sindano alikitazama kile kitambaa kikimjia. Hakikuwa na haraka. Kilikuwa laini.

"Kirudishe ulikokitoa," alisema, na sauti ilimtetemeka, jambo ambalo hakuwasamehe kwa siku kadhaa. "Sikuisikia. Mmesikia? Ngoma nimesikia, mwimbaji nimesikia, solo sikuisikia hata tone. Masikio yangu yameanza kuzima. Basi. Tafuteni mwamuzi mwingine, lakini anayenihurumia namchoma na hii sindano."

 Nje baiskeli ilipita ikilia mnyororo.

Dereva alikohoa. "Hata mimi," alisema.

"Hata wewe nini?"

"Sikuisikia. Nilidhani ni yale malori. Miaka yote ile injini karibu na sikio…"

Kinyozi alikaa, kitambaa bado kiko mikononi. "Mimi nilidhani ni nta."

"Wewe!" Bi Sindano alimgeukia. "Si umesema ameiparuza noti ya juu?"

"Ndivyo ninavyoikumbuka, mama. Niliona wenzangu wote mmefumba macho mnaogelea, ningesemaje?"

Wakamtazama seremala.

"Mimi nimesikia," seremala alisema. "Mwanzo hadi mwisho. Safi kabisa."

"Shemeji, ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala, ndiyo. Nimesikia."

Kinyozi alisimama, akafunua magauni mlangoni, akabandika sikio kwenye spika ya pili. Kimya kama kabati. Enzi zile mafundi wa studio waligawa sauti kama ndugu wanaogawana chumba: mwimbaji, ngoma na gitaa la pili upande mmoja, solo upande wake peke yake. Alifuata waya kwa mkono hadi chini ya meza, akauinua. Ncha yake ilikuwa inaning'inia, haijachomekwa popote.

"Aa," seremala alisema. "Huo nilichomoa mimi asubuhi. Nilipokuwa napiga randa mlango wako, shemeji, ulikuwa unakwama."

Matusi aliyopewa hayaandikiki hapa, watoto nao wanasoma.

Waya ukachomekwa, kaseti ikarudishwa nyuma. Mwimbaji akavuta pumzi, na Vidole Asali akaingia, mzima, hana habari kwamba watu watatu walikuwa wamefiwa naye. Bi Sindano alisikia kila noti.  Lakini Vidole Asali alikuwa mwembamba. Alipita mahali pale pa chini bila kushuka sana, wala hakupumzika popote. Ni sikio, au spika, au ni miaka iliyomnenepesha huko kichwani? Hakujua. Angeweza kunyamaza.

"Amepungua," alisema.

"Amepungua nini!" dereva aliruka, na tumbo likafuata baadaye.

"Wangu alishuka zaidi. Akapumzika, ndipo akapanda."

"Uongo mtupu! Hata kwangu hakushuka! Kwangu alikaa palepale juu akawa analia…" Na dereva akaimba kwa mdomo solo yake, ndefu, noti moja.

"Hiyo ni honi ya lori!" kinyozi alipiga kelele, akaanza ya kwake, mbiombio, mate yakiruka. Seremala naye alidai ya ndotoni kwake ilikuwa na magitaa mawili.

"Nyamazeni! Mwamuzi ni mimi, na nasema alishuka!"

"Mwamuzi gani wewe, mama?" kinyozi alifoka. "Solo nzima inapotea, unasema 'vizuri'!"

Bi Sindano alicheka hadi akachoma kidole. Alikinyonya, akawatazama wakirushiana mikono katikati ya mwanga wa bluu na waridi, hakuna hata mmoja anayemkubalia.

"Chomoa huo waya," alimwambia shemeji yake. "Rudisha wimbo. Kila mtu asikilize ya kwake, halafu nitawaambia mmekosea wapi."

Waya ukachomolewa. Mwimbaji akavuta pumzi, nao wakafumba macho.