Sauti Masikioni mwa Mama

Usijifanye huoni. Ujumbe wa kusasisha programu ulikujia wewe pia, ukaufukuza kama nzi. Fundi cherehani naye aliufuta mara nne, kwa kuwa kusasisha kungezima vifaa vya kusikia vya mama yake kwa dakika kumi, na mama asiposikia hununa siku nzima.

Mchana mmoja, akishona pindo, alimsikia mama akicheka peke yake.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na baba yako. Nani mwingine huniita mke wangu? Anataka nimfungulie mlango."

Baba alizikwa miaka sita iliyopita.

Hapo fundi akang'amua. Vifaa vile havina waya, na programu yake ina ufa: simu yoyote ya karibu huingia bila hodi na kusema itakalo. Kampuni ilijua mwaka mzima, ikanyamaza, kisha ikatoa marekebisho kimyakimya, ndani ya ujumbe ule alioufuta.

Mama alikwisha kushika komeo. Fundi akamvuta, akachukua simu, akabonyeza "Sasisha".

"Huna haya! Unamfungia babako nje?"

Nyuma ya mlango mtu alikuwa akipumua. Kisha nyayo zikasogea taratibu hadi kwa jirani, mzee mjane anayevaa vifaa vilevile.

"Naja, mke wangu, naja," mzee akaitika kwa furaha.

Fundi aligonga ukuta kwa ngumi zote mbili. Mzee hakumsikia.

Na wewe bado umekaa? Inuka, nenda kwa mzee wako, shika simu yake, sasisha sasa hivi!