Kidude Kilichobaki Mezani

Vitu vya marehemu fundi viatu viligawanywa chapuchapu, kama nguo zinazoanuliwa mvua ikinyesha. Kaka mkubwa alibeba cherehani ya ngozi, kaka mdogo akakumba nyundo na visu. Dada yao, aliyemuuguza baba tangu vidole vyake vilipoanza kufa ganzi, akabaki anatazama meza.

"Na wewe dada chukua hicho," kaka mkubwa alisema, akajitia kutafuta funguo mfukoni.

Kilikuwa mpini wa msharasi, ule wa kutobolea ngozi, ila mahali pa ncha palichomekwa waya mgumu uliopindwa kitanzi. Dada mtu hakubishana. Nguvu za kubishana zilishamwishia kwenye shuka za kufua na ndoo za maji moto. Alichotaka ni kimoja tu: kujua kama baba aliuona ule uchovu wake. Mzee alikuwa mgumu wa maneno, hata asante yake ilikuwa kukohoa.

Alikichukua, akajikokota hadi kwa fundi baiskeli kuuliza ni cha nini. Yule akakigeuza kidude, akafumba jicho moja, akatoa hukumu.

"Cha kujikunia mgongo hiki. Mzee wako alikuwa na vituko!"

Dada akacheka kwa adabu, akavuka barazani kwa mama mshonaji, jirani wa baba wa miaka mingi.

"Shangazi, hebu niambie, hiki ni cha nini?"

Mshonaji alikipokea. Alivuta shati, akapenyeza kitanzi kwenye tundu, akanasa kifungo na kukivuta. Kikapita.

"Kumbe alikitengeneza kweli," alisema taratibu. "Alikuja kuniomba kitambaa chenye vifungo. Nikamtania, mzee, ndiyo unajifunza kuvaa? Akasema, 'Binti yangu anaamka alfajiri kunifunga vifungo ndipo aende kazini. Amechoka. Nataka alale hata kidogo.' Nikamwambia, si umwambie mwenyewe? Akasema, 'Atanikataza.'"

Binti aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Akayakumbuka mashati ya baba, matundu yake yaliyokuwa yakichanika ovyo, na yeye kila jioni na sindano, akiwalaani wenye viwanda. Kumbe fundi wa ngozi alikuwa akijifunzia humo kwa siri, akakifanyia kitambaa chepesi ubabe ule ule wa kiatu. Waya mnene, wala hakuupiga tupa kuulainisha. Kwa kutaka kumpunguzia mwanawe kazi, mzee wa watu alikuwa anamwongezea.

Kicheko kilimtoka kwanza, machozi yakafuata, na hakuona haya hata kidogo.

"Aliniona, shangazi."

"Alikuona, mwanangu. Haya, nenda kapumzike."

Alikwenda. Hakufua, hakuosha vyombo, simu ya kaka yake ikalia mpaka ikachoka. Alijitupa kitandani na nguo zake zile zile, mchana kweupe, akalala.