Sarafu ya Korongo

Baba yao alikuwa mbeba mizigo katika hoteli iliyotazamana na stesheni. Wageni walipoondoka waliacha vyumbani vitu wasivyovihitaji tena: manukato nusu chupa, riwaya isiyo na jalada, na sarafu za makwao ambazo hakuna benki wala duka lililozipokea. Manukato alimpa mkewe. Sarafu aliwaletea watoto, na hivyo ndivyo Kidoti na kaka yake walivyopata ule ugonjwa wa kukusanya sarafu ambao haukuwatoka tena.

Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya doa jeusi shavuni. Kaka yake watu walikuja kumwita Tanuri alipokuwa mwoka mikate, lakini kwa dada yake alibaki kaka tu. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga, na sarafu zake ndani. Walibadilishana, wakanuniana, wakapatana, wakabadilishana upya. Mama aliwaambia kwamba wakiendelea kuzigongagonga usiku atazipeleka kwa fundi bati.

Katika mtaa wa pili kulikuwa na duka la sonara. Chini ya kioo, kati ya bangili na vipini, sonara aliweka sarafu moja ya fedha yenye korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Aliwaeleza kwamba ilitengenezwa kwa mwaka mmoja tu, katika nchi ya mbali ambayo tangu hapo imeshabadilisha hata jina lake, na kwamba serikali iliyofuata ilizikusanya zote na kuziyeyusha. Chache zilizopona zilikuwa mikononi mwa watu kama yeye. Haikuwa ya kuuzwa. Watoto hawakujali, walikuja kila siku baada ya shule kubandika pua zao kwenye kioo, hadi sonara akachoka kufuta alama za pua. Siku moja aliwapa kipande cha sabuni, akawapeleka bombani nyuma ya duka, akasimama kuhakikisha wamenawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akamwekea kila mmoja sarafu ile kiganjani.

Njiani kurudi nyumbani walikuwa wakinusa viganja vyao. Walipofika mlangoni kaka alisema, "Tukiwa wakubwa tutapata moja kama ile." Alisema kama mtu anayetaja kesho ni siku gani.

Ukubwa ulikuja na mambo yake. Baba aliumia mgongo, akaacha kazi. Kidoti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ushonaji, na ada haikuwepo. Alishaanza kujizoesha kukosa. Halafu alasiri moja kaka alitoka na kopo lake chini ya kwapa, akarudi bila kopo, akaweka bahasha ya ada mezani. Alipoulizwa, alisema amechoshwa na kucheza na vyuma, kwamba sasa yeye ni mtu mzima. Kidoti alimwamini, kwa kuwa wakati ule alikuwa akiamini kila alichosema. Alikuja kuelewa miaka mingi baadaye, alipokuwa akimlipia binti yake chuo: alisimama dirishani kwa mhasibu na machozi yakamtoka, hata mhasibu akamuuliza kama ada ni kubwa mno.

Lakini hakumwambia kaka yake. Wakati huo Tanuri alikuwa amehamia mji mwingine na kufungua duka la mikate, na mkewe alikuwa mgonjwa. Kidoti alifunga karakana yake ya ushonaji, akaenda kukaa nao. Alimwogesha wifi yake, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, akamsimulia umbea wa wateja wanaodanganya vipimo vya viuno vyao, mpaka wifi alipofumba macho. Baada ya mazishi alirudi kwa cherehani zake. Tangu hapo walikuwa wakipigiana simu Jumapili. Tanuri hakuwa mtu wa simu. Aliuliza habari za afya, akauliza kama mvua imenyesha, kisha akasema haya basi.

Kidoti aliendelea na sarafu zake. Kila alipokwenda kununua vitambaa alipitia duka la mama mmoja aliyeuza stempu na sarafu za zamani, ambaye wateja walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya lenzi aliyoivaa shingoni kama mkufu. Bi Lenzi alikuwa mgumu. Mtu akimwomba apunguze bei, alikuwa akiinua lenzi na kumtazama yeye badala ya sarafu.

Siku moja Kidoti alikuta picha imebandikwa mlangoni pa duka hilo. Korongo, mguu mmoja, pembeni mwaka uleule. Bi Lenzi alikuwa ameinunua kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama nchi, na sasa aliitangaza hadi miji mingine na kuipigia mnada kwa simu: kila anayetaka ataje bei yake, na atakayewazidi wenzake ndiye mwenyewe.

Kidoti alikuwa ameweka akiba ya kununua mashine ya kutarizi. Hakuifikiria mara mbili. Wala akilini hakuiona sarafu ile katika kopo lake. Aliiona katika kiganja cha kaka yake. Alitaja bei, akatoka akitabasamu peke yake barabarani kama aliyeokota kitu.

Kesho yake Bi Lenzi alimpigia kumwambia kuna mtu amepandisha. Kidoti naye akapandisha. Yule mtu akapandisha tena. Wengine waliokuwa wametaja bei walijitoa mmoja mmoja, wakabaki wawili. Kidoti alianza kumchukia mtu huyo asiyemjua. Alimwambia binti yake kwamba bila shaka ni tajiri asiye na kazi, anayenunua vitu ili avifungie kabatini. Alipofika mahali pa kufikiria kuuza cherehani yake ya akiba, ile aliyokuwa akimpa binti atumie kila alipokuja kusaidia, binti alimuuliza kwa upole kama hiyo sarafu itashona suruali.

Alikwenda dukani mwenyewe kutaja bei yake ya mwisho. Bi Lenzi aliisikia, akaweka kalamu chini. Alisema amefanya biashara hii muda mrefu na hajaona fundi cherehani akipigana hivi. Ni kitu gani hasa kilichomshika? Kidoti akaketi kwenye kiti cha wateja, akamweleza yote: hoteli, makopo, sonara, bomba la nyuma ya duka, na namna walivyonawishwa kwa sabuni mpaka viwikoni.

Hapo Bi Lenzi aliivua lenzi shingoni, akaishika mkononi. Akamwomba amsubiri. Alikwenda chumba cha ndani na simu yake, akazungumza kwa sauti ya chini, akarudi na kumnyooshea.

"Huyo mwenzako naye alinawishwa kwa sabuni," alisema. "Ongea naye."

Kidoti aliiweka simu sikioni.

"Kidoti?"

"Kaka?"

"Kumbe ni wewe unayenipandishia bei."

"Na wewe uzee huu unataka sarafu ya nini?"

Nyuma ya Tanuri zilisikika sinia za mikate zikigongana.

"Nilitaka kukuletea wewe," alisema Tanuri. "Wifi yako alipokuwa kitandani ulimbeba kama mtoto. Mimi nilisimama mlangoni tu, sijui hata pa kuweka mikono. Kila Jumapili napiga nikuambie ahsante, na kila Jumapili najikuta nakuuliza mambo ya mvua."

"Na wewe kopo lako je?"

"Kopo gani?"

"La maziwa. Lile uliloliuza."

"Nilidhani hukujua," alisema Tanuri.

"Ahsante, kaka. Nimechelewa, lakini ahsante."

Bi Lenzi alikuwa amewapa mgongo, akipanga stempu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tanuri alikuja wiki iliyofuata, amevaa koti lililombana na amebeba mfuko wa mikate, mmoja kati yake ukiwa wa Bi Lenzi. Wote wawili walikuwa wamekuja na pesa zao. Bi Lenzi alisema atapokea bei aliyoitaja Kidoti siku ile ya kwanza, basi, na wao wagawane. Kidoti alipoanza kubisha, akamwambia kwamba mnada ni wa watu wanaoshindana, na wao hawakuwa wakishindana. Hakutaka kushukuriwa. Kidoti alimshukuru kwa njia yake: alimtazama mabega mara mbili, akaenda nyumbani akamshonea koti la kijivu lenye bitana ya hariri, akakataa katakata kupokea senti, na Bi Lenzi, aliyezoea kuwakatalia watu, hakujua la kufanya ila kulivaa.

Siku ile dukani waliishika sarafu kwa zamu. Ilikuwa ndogo kuliko walivyoikumbuka, na mguu wa korongo ulikuwa umesagika.

"Mbona amekonda hivi?" aliuliza Tanuri.

"Amesimama muda mrefu," alisema dada yake, na wakaanza kucheka, wakacheka hadi Tanuri akalazimika kushika meza.

Kisha wakaingia kwenye ubishi wa nani aichukue. Kila mmoja aliisukuma kwa mwenzake, kwa sauti inayopanda, mpaka Bi Lenzi akawaomba wakamalizie nje, ana wateja. Waliumalizia nyumbani kwa Kidoti, na kwa kweli hawakuumaliza. Tanuri alikuwa amekuja kwa siku mbili. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu tangu binti aolewe, na huko alikotoka alikuwa akila peke yake mbele ya redio. Kidoti alimwambia akae kidogo. Akakaa. Mwezi ulipokwisha alimwachia duka lake la mikate msaidizi aliyekuwa naye tangu mwanzo, akaagiza masanduku yake.

Sarafu iliwekwa katika kabati la vikombe, sebuleni, ambapo kila mmoja aliweza kuiona na hakuna aliyeweza kusema ni yake. Tanuri alijenga tanuri dogo uani. Karakana ya Kidoti ikaanza kunukia hamira, na wanawake waliokuja kupima magauni ya harusi wakawa wanaondoka na mkate kwapani. Kidoti aliwalaumu kwamba viuno vyao sasa havitakaa sawa hadi siku ya sherehe. Mvua ikinyesha, wote wawili wanaiona dirishani, na hakuna anayehitaji kuuliza.